Mlima Uliopandwa Kinyumenyume

Tangu turudi kutoka mlimani magoti yangu hayajanisamehe. Mke wangu anayakanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto na majani ambayo hataki kuniambia jina lake, na kila akikanda ananiuliza swali lile lile: mtu mwenye akili zake, mwenye diploma ukutani, anatafuta nini juu ya mlima wa porini huko Punia kwa umri huu? Namjibu kwamba nilikwenda kumsindikiza Mama Zaina. Hilo analijua, nikiendelea zaidi ya hapo anasema naongeza. Ni kweli, huwa naongeza. Kindu nzima inajua kwamba samaki akipita mikononi mwangu anaondoka na urefu wa mtumbwi. Lakini leo nimechoka hata kuongeza. Nataka kuandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka ule tuliofungiwa mjini, na habari za mtu mmoja aliyekuwa akiwaza njia ya mguu wakati sisi wote tunawaza chakula. Nilizaliwa wapi, baba yangu alikuwa nani, ukoo wetu ulitoka wapi, hayo tuyaache. Yatawachosha ninyi pia.

Mwaka ule nilikuwa kijana, mpangaji katika nyumba ya Mama Zaina, upande wa Kasuku, jirani na reli. Nyumba ilikuwa ya matofali, ya vyumba viwili vikubwa na changu kidogo, na kuta za ndani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa kwake mwingine anamwambia pole kwake. Treni ilikuwa haiji. Majani yalikuwa yameota katikati ya reli, na mbuzi wachache waliobaki hai walilala juu ya vyuma vile kwa amani ambayo sisi binadamu hatukuwa nayo. Mji ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Msitu nao ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Na mashamba yetu yalikuwa katikati yao. Mtu akitoka kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe, hawa wanamwita mpelelezi wa wale, na wale wanamwita mpelelezi wa hawa. Basi tulikula sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, bila mawese, sombe bila chumvi, sombe bila samaki, na siku nyingi sombe bila bugali. Nilikonda mpaka kivuli changu kikawa kinene kuliko mimi mwenyewe. Kitu kimoja tu uani pale kilikuwa na ladha na hakikuisha: shina kubwa la mchaichai kando ya mlango wa jikoni, ambalo Mama Zaina alilipanda alipoolewa. Asubuhi tulichemsha majani yake, tukayanywa bila sukari, tukaita kifungua kinywa. Mchana tukachemsha yale yale, tukaita chakula.

Nilikuwa nasoma shule ya usiku. Hapo wajukuu wangu hucheka, maana giza likiingia tu ilikuwa marufuku mtu kuonekana barabarani, kwa hiyo masomo ya usiku yalihamishiwa saa nane mchana, chini ya mabati, jua likitupika kama mikate. Jina halikubadilika. Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku ambaye hakuwahi kusoma usiku hata mara moja. Wanafunzi wengine walisinzia kwa njaa, mwalimu mwenyewe alisinzia akiwa amesimama, chaki mkononi, na tulimwacha apumzike kwa sababu tulikuwa tunampenda. Hivyo ndivyo nilivyojifunza jiografia: kipande mwalimu akiwa macho, kipande nikijaza mwenyewe.

Mume wa Mama Zaina aliitwa Sumaili. Sisi tulimwita Papa Sumaili, ingawa mvi zilikuwa bado hazijamfika. Kazi yake, kabla ya vita, ilikuwa kuongoza wageni katika hifadhi ya taifa iliyo ndani kule, mbele ya Punia. Katika hifadhi hiyo kuna mlima, na juu ya mlima kuna mwamba mtupu, bapa, unaotazama msitu wote, na wageni walitoka mbali sana kuja kusimama juu ya mwamba ule na kusema “ah”. Papa Sumaili alikuwa ndiye anayewafikisha kwenye hiyo “ah”. Alikaa huko mwezi, miezi, kisha anarudi Kindu na nyama kavu na habari. Vita ilipofika hifadhini akashuka kwa miguu na buti zake za kazi shingoni, akaziweka chini ya kitanda, na tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa kukaa. Sijaona mtu aliyechoshwa na kupumzika kama yule. Alikuwa akizunguka ua kama anatafuta mahali pa kupandia.

Alasiri, watoto wakianza kulia kwa njaa na mlango ukishafungwa kwa hofu ya askari wanaopitapita, alikuwa anatupandisha mlimani. Ndivyo alivyosema: “Haya, tupande.” Tulipanda chumbani. Tulianzia mlangoni, tukazunguka kitanda, hapo ndipo kwenye kijito na lazima unywe maji. Tukapita kati ya sanduku na mtungi, hapo ndipo penye mizizi, inua miguu. Na tukifika kwenye mkeka alitusimamisha wote.

“Sasa mugeuke,” alisema. “Kuanzia hapa tunapanda kinyumenyume. Migongo mbele.”

“Juu ya nini kinyumenyume, papa?” nilimwuliza sababu mara ya kwanza.

“Juu macho ni kama watoto kwa chakula, Bwana Usiku.” Aliniita Bwana Usiku kwa sababu ya shule. “Yakionja kidogo njiani, yakionja tena kidogo, yakifika kwa sahani yameisha kushiba. Pale juu, macho inafaa yafike yote pamoja, na yafike na njaa.”

“Njaa tuko nayo,” Mama Zaina alisema kutoka jikoni, akitwanga sombe. “Twende tu.”

Na kweli hivyo ndivyo alivyowapandisha wageni wake wote, hata wakubwa wenye kofia: kona ya mwisho anawageuza, anawashika mikono, wanapanda nyumanyuma kama kaa, wakicheka, wakiogopa, mpaka miguu inapokanyaga mwamba. Ndipo anasema, “Geuka.” Chumbani kwetu nasi tulikwenda nyumanyuma, Zaina mdogo amenishika shati, na siku moja mimi, nikiwa na mwendo wa fahari kupita kiasi, nilikalia sufuria ya sombe iliyokuwa imeepuliwa. Sitaki kusema nani aliyelia zaidi, mimi kwa moto au wao kwa sombe. Tuliikula hivyo hivyo. Mama Zaina alisema kwamba angalau leo ina nyama.

Tulipofika ukutani Papa Sumaili alisema, “Geukeni,” tukageuka, na mbele yetu palikuwa na ukuta wenye doa kubwa la mvua, rangi ya chai, lililoshuka kutoka kwenye bati. “Munaona nini?” Watoto wakapiga kelele: “Ukuta!” Yeye akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yao. “Angalieni muzuri. Hii yote njo musitu. Hii pale ni ukungu, asubuhi unalala ndani ya mabonde kama maziwa. Na kule mwisho, muko munaona ule mustari mweupe? Njo Lualaba, muto yetu. Pembeni ya mustari, ule moshi, njo Kindu. Na ule mwembamba, uko peke yake, njo jiko ya bibi yangu.” Akaelekeza kidevu kwa Mama Zaina jikoni.

Mimi, na jiografia yangu ya saa nane, sikuweza kunyamaza. “Papa, Kindu haiwezi kuonekana kutoka kule. Ni mbali mno. Tena dunia ni mviringo, inajikunja.”

“Bwana Usiku,” alisema kwa upole mkubwa, “weye umesoma usiku. Mambo ya muchana utayaona wapi?”

Walicheka wote mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Zaina alicheka pia, lakini nilimwona akilitazama lile doa baada ya sisi kutawanyika, mwiko mkononi. Baadaye, tukichambua majani ya muhogo, aliniambia kitu ambacho nadhani hakuwa amemwambia mtu. Miaka ile mume wake akiwa kazini, kila siku adhuhuri ikifika, alikuwa anatupa majani mabichi jikoni ili moshi uwe mzito na upande juu. Majirani walilalamika, nguo zao zinanuka. Lakini mume akirudi alimwambia: “Niliona moshi yako. Siku moja ulichelewa kupika, sivyo?” Na siku moja huwa amechelewa kupika kweli, kama mwanamke yeyote. “Sasa weye unasoma,” aliniuliza, “ni kweli hauonekani?” Nilimwambia mimi sijawahi kufika kule. Hakuuliza tena.

Tumbo likiwa tupu masikio husikia vizuri, na ukuta wetu haukufika kwenye bati. Alfajiri nyingi mwaka ule niliwasikia wakizungumza kitandani. Yeye, mwanamume, alikuwa na jambo moja tu.

“Njia iko inafungwa,” alisema.

“Tena njia.”

“Mvua mbili bila panga, na musitu unaifunga. Mimea inashikana. Hata miye nikienda sitaijua.”

“Watu wanakufa, Sumaili. Watoto wanakula majani. Weye unalilia njia!”

“Vita itaisha, mama. Wageni watakuja. Watapita wapi?”

“Wapite kwa mama yao.”

Kisha kicheko kidogo cha watu wawili chini ya shuka, kisha tena: “Lakini kweli iko inafungwa.” Nilivuta mto masikioni. Nilidhani ni wazimu wa njaa, na kila mtu mwaka ule alikuwa na wake. Mimi mwenyewe nilikuwa naota samaki wa moshi wa Lokandu wakitembea kwa miguu kuja mlangoni, wamejipanga mstari.

Mwisho wa masika Papa Sumaili aliondoka. Ilikuwa asubuhi tu, jua limechomoza, mimi nikipiga mswaki kwa kijiti uani. Mama Zaina alitoka jikoni na sufuria ya maji ya chai, akainama kando ya mlango ili akate majani, akabaki ameinama. Nusu ya shina la mchaichai haikuwepo. Palikuwa na shimo, udongo mbichi, na mizizi imekatwa. Papa Sumaili alikuwa amesimama karibu na geti la bati, panga mkononi, kandambili miguuni, na kwapani kifurushi cha majani ya mgomba kinachodondosha maji. Buti alikuwa ameziacha chini ya kitanda, kwa sababu mwaka ule mtu mwenye buti alikuwa askari wa mtu fulani, na askari wa mtu fulani alikuwa maiti njiani.

“Umeng'oa muchaichai yangu,” Mama Zaina alisema.

“Nusu tu. Pale juu jua liko, utashika muzuri. Wageni wakifika wanachoka, wanatetemeka na baridi. Watakunywa chai.”

“Wageni gani? Wageni gani, Sumaili? Watoto wako wanakunywa nini? Hii njo chakula yetu! Unaondolea watoto chakula kwa kinywa unapelekea muwamba!”

“Inaota tena, mama. Nafika, nafyeka, narudi.”

“Usirudi basi! Kaa kule na wageni yako!”

Alimtazama kidogo, akanitazama mimi, akainua panga kama mtu anayeaga kazini. “Bwana Usiku, uangalie nyumba.” Akatoka. Mama Zaina akachukua udongo akafukia lile shimo kwa nguvu, kwa mikono miwili, kama anayepiga mtu.

Siku hiyo adhuhuri alitupa majani mabichi jikoni. Siku iliyofuata pia, na iliyofuata. Moshi ulijaa ua mpaka tukatoa machozi, wanajeshi wakaja mara moja kuuliza nani anaungua, na majirani wakamtukana kwa jina la mama yake. Hakujibu mtu. Alitupa majani mabichi msimu wote wa kiangazi. Kisha vita ilianza kulegea, mitumbwi ikaanza kupanda tena kutoka Lokandu, watu wakaanza kutoka msituni wamekonda kama panzi, na pamoja nao zikaja habari. Mmoja alisema amemwona Sumaili Punia, machimboni, na mke mpya na shati jipya. Mwingine akasema hapana, alivuka kwenda Kisangani. Wanawake kisimani walisema kwa sauti ya kutosha isikike: “Ati alikwenda kufyeka majani! Mwanaume anayeacha buti nyumbani hakuenda kazini.” Ndipo moshi ulipokoma.

Nimesema nimechoka, na sehemu inayonichosha zaidi ni hii: miaka yote iliyofuata. Nilihitimu, nikaoa, nikahamia ng'ambo ya mtaa, nikapata watoto, wa kwanza Amina, na wajukuu na magoti haya. Mama Zaina alizeeka palepale, na buti palepale; kila kiangazi alizitoa juani zisiote ukungu, akizishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Hakuolewa tena na hakukaa eda. Sheikh alimwambia zaidi ya mara moja kwamba mume aliyepotea muda wote huo huhesabiwa amekufa, kwamba aingie ndani, avue mapambo, akae eda ya mjane kama dada zake wote, amwombolee mtu wake apumzike naye apumzike. Alikataa. Aliniambia mimi sababu, tukinywa chai ya mchaichai, ile nusu iliyobaki ambayo ilikuwa imeota tena kama alivyosema mwenyewe. “Niingie eda ya nani, Baba Amina? Kama alikufa njiani pa kazi yake, njo bwana yangu, nitamulilia. Kama yuko Punia anakula nyama na bibi mwingine, nitakaa ndani nafunika kichwa, watu wanachekea kule nje. Acha nijue kwanza.” Basi hakuwa mke na hakuwa mjane. Alikuwa katikati, kama mashamba yetu mwaka ule.

Mwaka huu redio ilitangaza kwamba hifadhi imefungua tena njia ya mlimani, wageni wakaribie. Kesho yake alikuja kwangu na kitenge kizuri na kapu.

“Baba Amina, pikipiki yako inatembea?”

“Inatembea kuliko mimi.”

“Basi unipeleke kwa mulima.”

Mke wangu aliinua macho, akayashusha. Hakuna anayemkatalia Mama Zaina, hasa mtu aliyekalia sombe yake.

Tulishuka mto mpaka Lokandu kwa mtumbwi wa injini, pikipiki imelazwa kati ya magunia ya mpunga kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Pale tulikula samaki wa moshi na lituma ya moto, zile ndizi za kuponda, na nilimwona akila kwa mara ya kwanza bila kugawanya nusu kwa mtu. Kisha barabara. Wanaiita barabara kwa heshima ya marehemu. Kuna shimo moja ambalo naapa niliona ndani yake lori zima, na dereva wake ameshaanza kulima bustani. Tulianguka, tukainuka, tukasukuma, tukavushwa juu ya magogo, tukalala kwa watu wema ambao majina yao sitayaandika ili wasipate wageni wengine kama sisi. Punia hatukuuliza juu ya Sumaili. Nilitaka kuuliza, nilifungua mdomo sokoni, mbele ya wazee wa machimboni, na Mama Zaina alinibana mkono. “Kwanza mulima,” alisema. Alikuwa anaogopa jibu, na mimi pia.

Mlinzi aliyetupokea hifadhini alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Feza, mrefu, mwenye cheko la karibu. Alitutazama magoti, akatukatia fimbo, akatupandisha polepole. Kijito kilikuwepo, tukanywa. Mizizi ilikuwepo, tukainua miguu. Kila tulipopita mahali Mama Zaina alikuwa anaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayekagua nyumba aliyoelezewa. Nami nilikuwa nasikia harufu ya mkeka wetu, nasikia mtungi ukigongwa na Zaina. Kwenye kona ya mwisho Mama Zaina alisimama.

“Hapa tunageuka,” alisema. “Tunapanda kinyumenyume.”

Feza alicheka. “Mama, mutaanguka! Wageni ya siku hizi wanapanda wanaangalia simu, hata mulima hawauone. Lakini kinyumenyume, bado sijaona.”

“Njo inafanywa hivi. Tushike mikono.”

Basi Feza akatushika, mmoja huku mmoja huku, akawa anapanda nasi, uso wake umeelekea juu na sisi migongo yetu, na akituelekeza: “Kushoto, mama. Jiwe. Papa, inua muguu, ule mwingine.” Nilihema kama mvukuto. Upepo ulianza kunipiga mgongoni, baridi, mkubwa, upepo wa mahali ambapo hakuna kitu mbele. Nikajua tumefika. Nikakanyaga kitu laini, Mama Zaina akakanyaga pia, na harufu ikapanda.

Si harufu ya mlima. Ilikuwa harufu ya asubuhi zote za mwaka ule, ya sufuria bila sukari, ya mlango wa jikoni upande wa Kasuku. Nilisimama mguu mmoja juu.

“Eeh, wazee, munakanyaga chai yetu!” Feza alisema.

Mama Zaina hakugeuka wala hakuinua macho. “Chai gani?”

“Muchaichai, mama. Uko mwingi hapa pembeni ya muwamba. Baridi ikitupiga tunachemsha.”

“Nani aliupanda?”

“Hatujue. Wakubwa wetu waliporudi kazini, kisha ya vita, waliukuta umeota. Hapa porini hakuna muntu, hakuna kijiji. Wanasema pengine ni ndege.” Alicheka tena, kisha akaona nyuso zetu, akaacha.

Nataka kuwa mwaminifu hapa. Mchaichai wote unanuka sawa, wa Kindu na wa Kasongo na wa peponi. Mtu mwingine yeyote mwenye panga na kiu angeweza kuupanda. Hayo niliyafikiri, ndiyo matunda ya elimu, na nikayameza. Mama Zaina alijishusha chini polepole kwa fimbo, akaketi katikati ya majani yale, akavunja jani moja, akalisugua kati ya viganja, akafunika uso kwa viganja hivyo. Upepo ulimpeperusha kitenge.

“Alifika,” alisema ndani ya mikono yake. “Alikwenda kazini. Nilimwambia usirudi.”

“Ulikuwa na hasira, mama.”

“Nilimwambia usirudi, Baba Amina, na alikuwa anapeleka chai.”

Baadaye kidogo nilimwambia, “Geuka basi, uone.” Alitikisa kichwa. “Weye geuka. Miye nimefika.” Nikageuka peke yangu, macho yangu yote mawili pamoja, na njaa yao. Alipokuwa tayari kushuka alikuwa hajatazama hata mara moja.

Kabla ya kuondoka aling'oa shina dogo kwa mizizi, akalifunga kwa majani mabichi. Feza alikohoa. “Mama, samahani. Kitu ya hifadhi haitoki kwa hifadhi. Njo sheria.”

“Hii si ya hifadhi,” Mama Zaina alimjibu. “Hii ni yangu. Iliibiwa kwangu, uani, asubuhi, na muntu ninamujua.”

Feza alinitazama. Nikainua mabega. Akageuka akatazama msitu, akawa anautazama kwa makini sana mpaka kifurushi kikaingia kapuni.

Tuliporudi Kindu, Mama Zaina aliingia eda. Wanawake walewale wa kisimani, waliobaki hai, walikuja kukaa naye, na hakuna aliyesema lolote la buti. Buti zenyewe zilitolewa chini ya kitanda zikawekwa barazani, kando ya mlango, kama mwenyewe yuko ndani. Mimi si ndugu wa damu, kwa hiyo siwezi kuingia wala kumwona uso mpaka eda iishe. Lakini juzi nilikwenda kumjulia hali, nikakaa barazani kwenye kigoda, mgongo wangu umeelekea pazia, jirani ya buti. Mjukuu wake alinitolea kikombe. Kilikuwa na sukari, tele. Bado nashangaa kila nikikuta sukari humo.

“Baba Amina,” sauti yake ilisema nyuma ya pazia.

“Labeka, mama.”

“Usigeuke. Niambie sasa. Kule kulikuwa nini?”

Nilikunywa kidogo kwanza. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeyapanga njiani: ndege wa dhahabu, milima saba ya rangi saba.

“Na usiongeze,” alisema.

“Msitu, mama,” nilisema. “Msitu mpaka mbingu inapoishia. Ukungu mabondeni, mweupe, kama alivyosema. Zaidi ya hapo hakuna.”

“Lualaba?”

“Hapana.”

“Na Kindu?”

“Kindu haionekani, mama. Hata kidogo. Ni mbali mno.”

Nilizitazama zile buti. Nilijuta kwamba nimeacha kuongeza siku hiyo hasa.

“Haionekani,” alisema.

“Haionekani.”

“Na miye kila adhuhuri natupa majani mabichi jikoni, ninatoka machozi, majirani wananitukana!” Sauti yake ilipanda, ikavunjika katikati, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kile kile cha chini ya shuka nilichokuwa nakisikia juu ya ukuta, sasa cha mtu mmoja. “‘Siku moja ulichelewa kupika.’ Aah! Mwongo yule. Mwongo wangu yule.” Alicheka mpaka nikasikia wanawake wengine wakimwuliza kuna nini, naye hakuwaambia. Kisha akapenga kamasi. “Kunywa chai yako, Baba Amina, itapoa.”

Nilikunywa. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya reli. Nikasikia hatua zake zikienda upande wa jikoni, nikasikia majani yakianguka kwenye moto na moto ukizomea, na moshi mzito, mchungu, ukatoka mlangoni, ukanipita begani, ukapanda juu ya bati. Mwanamke mmoja wa jirani akapiga kelele kuuliza nani huyo anayeharibu nguo zake. Sikugeuka. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba moshi ule, ulipofika juu, ulijikunja wenyewe ukaelekea Punia. Alikuwa ananikanda goti. Akasema naongeza.